Re: Kisu gani kwa lezi ndogo, HSS au kabaidi?

Kaka, kwa kisu cha lezi (mashine ya kukereza vyuma) anza na HSS (high speed steel, chuma kigumu cha kukatia) ya milimita 8, hiyo kabaidi (ngumu kuliko HSS ila inavunjika upesi) uliyoulizia iache kwanza. Vilezi vyetu vidogo vinatetemeka na kabaidi haitaki mtetemo, inameguka ncha hasa ukikereza kitu chenye kona kona, HSS inavumilia alafu ikiwa butu unanoa mwenyewe kwenye grainda huku unachovya maji. Mie huku Mikindani nakereza bushi (vipande vya duara vyenye tundu la kupitisha shafti) za brasi (shaba iliyochanganywa na zinki) za mashine ya kubangulia korosho, juu ya kisu nanoa flati kabisa maana ukiweka mteremko brasi inakivuta ndani (nishaharibu mbili ivo!!). Na ncha ya kisu iwe levo na senta (katikati ya kitu kinachozunguka), ikiwa chini chomeka kipande cha bati chini ya kisu.