Jina Oxfam lilitoka wapi

Umeuliza kama Oxfam, lile shirika la misaada la Uingereza, ni jina la mtu. Hapana, ndugu yangu, ni kifupisho: Ox ni Oxford, mji wa Uingereza, na fam ni famine, yaani njaa. Ilianza kama kamati ya watu wa mji huo waliokutana Oktoba 1942 katika kanisa la St Mary the Virgin, pale High Street. Ugiriki ilikuwa imekaliwa na majeshi ya Hitler na wenzake, na meli za Uingereza zilikuwa zimezuia bidhaa kuingia. Watu wakafa njaa, watoto wakiwamo. Kamati ikaibana serikali yao wenyewe iruhusu chakula kipite. Kumwambia hivyo Churchill, waziri mkuu wao, vita vikiwa vimepamba moto kulitaka moyo, na mimi hilo ndilo ninalowaheshimia zaidi.

Ukifika Oxford, nenda Broad Street namba 17. Duka lao la kwanza la kudumu lipo hapo tangu mwisho wa miaka ya 1940, na bado linauza. Mwaka 1949 wakamwajiri Joe Mitty, mfanyakazi wao wa kwanza wa mshahara, akauza kila kilicholetwa: nguo, viatu, hata meno ya bandia. Mitumba kabisa, kama tuijuavyo sisi, ila faida inakwenda kwa wenye shida.

Jina fupi lilikuwa anwani yao ya simu za maandishi, yaani telegramu. Likawa rasmi mwaka 1965.