Barua kwa mwanangu: Sir William Dolben na meli za watumwa

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama Sir William Dolben, yule mbunge wa Uingereza aliyewekea mipaka meli za watumwa mwaka 1788, anastahili sifa, au alikuwa anaupamba uovu tu. Swali lako limenikaa moyoni.

Alizaliwa 1727, akarithi ubaroneti, cheo cha kurithi cha Kiingereza, mwaka 1756 pamoja na mali ya ukoo wake huko Finedon, Northamptonshire. Alikiwakilisha Chuo Kikuu cha Oxford bungeni kwa miaka mingi. Mbunge wa kawaida kabisa, mpaka alipokwenda kuikagua meli iliyokuwa ikitayarishwa mtoni Thames kwa safari ya kufuata watumwa Afrika. Watu walikuwa hawajapakiwa. Kuiona tu nafasi watakayolazwa kulitosha kumshtua.

William Wilberforce, mbunge aliyeongoza bungeni vita dhidi ya biashara ya watumwa, alikuwa mgonjwa wakati huo, kwa hiyo mzee Dolben akaupeleka yeye mwenyewe mswada wa kupunguza watu wanaopakiwa melini. Wafanyabiashara wa Liverpool wakaupinga vikali, lakini Waziri Mkuu Pitt akausimamia, ukapita.

Sasa isome sheria yenyewe, mwanangu. Watu 5 kwa kila tani 3 za ukubwa wa meli, hadi tani 201. Kuanzia hapo, mtu mmoja kwa kila tani ya ziada. Kila meli iwe na daktari. Wakifa wasiozidi 2 katika kila 100, nahodha apewe pauni 100 na daktari pauni 50. Kipengele hicho kinaniumiza kila nikikisoma: watu wanatuzwa kwa kutoua wengi.

Meli ya Brookes, iliyowahi kubeba watu 609, ikaruhusiwa 454. Wapinzani wa utumwa wakauchora mpangilio wa idadi hiyo halali, miili imebanana ubavu kwa ubavu, wakausambaza. Kila aliyeutazama aliona kuwa hata meli inayotii sheria ni jehanamu.

Hata hivyo siwezi kumbeza Dolben. Mwaka uleule Waafrika waliokuwa wakiishi London, Olaudah Equiano miongoni mwao, walimwandikia barua ya kumshukuru. Equiano alikuwa ameuonja utumwa mwenyewe. Kama yeye aliona pumzi iliyoongezwa kwa mtu mmoja ndani ya meli ni jambo la kushukuriwa, mimi ni nani nilipuuze?

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, anastahili sifa, ila usimwite mkombozi. Biashara ile Bunge lilikuja kuipiga marufuku mwaka 1807, miaka 19 baada ya sheria yake, na muda huo wote meli ziliendelea kupakia watu kihalali.

Akupendaye,
Mama yako