Mtoto wa miaka 6 asiyejua kusoma: je, yuko tayari kwa darasa la kwanza?

Mleta mada, pole kwa wasiwasi ulio nao, na ahsante kwa kueleza hali ya mwanao kwa kina. Kwa faida ya wanaoingia sasa: dada yetu ana mtoto wa kiume anayetimiza miaka 6 mwezi Oktoba na anayemaliza darasa la awali mwaka huu. Anatambua jina lake likiandikwa, anahesabu mpaka 20, lakini bado hasomi, ilhali mtoto wa jirani wa umri uleule tayari anasoma kitabu. Mwenye kituo kimoja cha tuisheni amemwambia kuwa mwanawe akiingia darasa la kwanza hivyo alivyo ataachwa na wenzake, na baba wa mtoto anaona heri arudie awali mwaka mmoja. Swali ni lipi lifanyike kati ya hayo mawili, kumjazia tuisheni likizo yote ya Desemba au kumrudisha awali.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali. Nimefundisha darasa la kwanza kwa miaka mingi, kwanza Lushoto na sasa Tanga mjini, na nina wanangu ambao nao walipitia mikononi mwa walimu wenzangu. Kwa ulivyomweleza, sioni kwamba anahitaji lolote kati ya hayo mawili. Jambo ambalo ningelichunguza kwanza, na ambalo wazazi wengi hawaliulizi, ni kama anaweza kumwendea mtu mzima asiye mzazi wake na kumwambia kwa maneno yanayosikika kwamba ana shida.

Nianze na hilo la kusoma, kwa kuwa ndilo linalokunyima usingizi. Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, yaani KKK, ndiyo kazi yenyewe ya darasa la kwanza na la pili. Hayo si masharti ya kuingilia. Upimaji wa kitaifa wa stadi hizo hufanyika darasa la pili, kwa sababu mtaala unampa mtoto miaka miwili ya kuzijenga. Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024, kufuatia Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, unamtaka mtoto apite mwaka mmoja wa awali akiwa na miaka 5 kisha aingie darasa la kwanza akiwa na miaka 6. Mwanao yumo ndani ya utaratibu huo bila kupungukiwa kitu. Hata Kiingereza, ambacho sasa kinafundishwa kuanzia darasa la kwanza katika shule zetu za serikali, mwalimu hukianza kama somo jipya kabisa.

Tena usimpime kwa mtoto wa jirani mpaka umejua kile anachokifanya ni nini. Kila Januari huletewa watoto ambao wazazi wao wananiambia kwa furaha kwamba wanasoma. Mtoto hufungua kitabu chake alichokizoea, huweka kidole kwenye mstari wa kwanza na kutamka ukurasa mzima bila kukwama, lakini ukitazama kidole unaona kimeshafika mwisho wa mstari wa pili na mdomo ungali kwenye wa kwanza. Ukifunika picha kwa kiganja na kumwonyesha neno moja katikati ya sentensi, ananyamaza. Mtoto huyo amekariri. Si kosa lake, na kukariri si kitu kibaya kwa umri huo, ila wakati mwingine hunichukua muda mrefu zaidi kumfundisha yeye kuliko yule aliyekuja hajui kitu, kwa sababu anaamini kwamba kusoma ni kukumbuka, na anaona aibu kurudi kwenye irabu. Kiswahili ni lugha yenye huruma kwa msomaji mchanga: mtoto akishashika irabu tano na kuelewa jinsi konsonanti inavyoungana nazo, kwamba ma ni ma popote atakapoikuta, husonga mbele kwa kasi ambayo huwashangaza wazazi. Ugumu huja baadaye kidogo, kwenye mb, nd, ny, ng' na jamaa zake, na hapo ndipo mtoto huhitaji mtu wa kukaa naye jioni.

Sasa niseme kwa nini natilia mkazo suala la kusema shida. Uwiano unaotakiwa katika shule za msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na kila aliyepita karibu na shule za mijini anajua kwamba madarasa ya kwanza mengi yamevuka hapo. Katika chumba kama hicho mwalimu, hata awe na moyo namna gani, hawezi kusoma uso wa kila mtoto. Anayesema, anasikika, asiyesema, anapita. Kilio cha wiki ya kwanza mara nyingi hakihusiani na masomo hata kidogo: ni penseli iliyochukuliwa na mwenzake, kiu, tumbo, au haja ndogo.

Hii haja ndogo naomba niikalie, kwa sababu nimeona watoto wenye akili njema wakiichukia shule kwa ajili yake. Mzazi hununua kaptula mpya ya bluu, na kwa kuwa sare ni ghali, huchagua iliyo kubwa ili mtoto akue nayo, kisha huifunga mkanda uliotobolewa tundu la ziada kwa msumari. Mtoto anashikilia kaptula kwa mkono mmoja na kuandika kwa mwingine. Akibanwa, anakimbilia chooni, anapambana na mkanda, kisha kifungo kigumu cha nguo mpya, kisha zipu, na kabla hajamaliza mambo yameshaharibika. Anarudi darasani akiwa ameloa, wenzake wanamcheka, na kesho yake asubuhi anaamka na tumbo linalouma. Mpelekee fundi kaptula hiyo aitie mpira kiunoni. Ni kazi ndogo sana kwa mwenye cherehani. Kama shule inadai mkanda, mfundishe kuufunga na kuufungua mwenyewe kuanzia Novemba, akiwa amevaa sare yenyewe, wala usimsaidie hata akichelewa. Kwa mtoto wa kike mambo ni yaleyale kwenye zipu ya sketi. Mzoeshe pia choo cha shimo ikiwa nyumbani mna cha kukaa, maana wapo watoto wa mjini wanaokiogopa kile kitundu mpaka wanajizuia kutwa nzima. Na ajue sentensi moja ya kusema bila kunong'ona: "Mwalimu, naomba kwenda chooni."

Nilipokuwa Lushoto, sentensi hiyo ilikuwa na uzito wa pekee. Watoto wengi walikuja wakiwa na Kisambaa kizuri, chenye hadithi na utani na heshima zake, na Kiswahili cha kubabaisha. Wazazi waliogopa kwamba Kisambaa kingewachelewesha, na wengine waliacha kuzungumza nao kwa lugha hiyo, wakawapa Kiswahili kidogo walichokuwa nacho wao wenyewe. Nawasihi wazazi wenzangu msifanye hivyo. Mtoto aliyezoea kusimulia tukio kwa mpangilio katika lugha ya mama yake huhamishia uwezo huo kwenye Kiswahili baada ya muda si mrefu. Aliyenyimwa mazungumzo ya nyumbani hana cha kuhamisha. Mpeni maneno ya Kiswahili ya kujikimu (kuomba ruhusa, kusema anaumwa, kutaja jina lake kamili na la mzazi wake), na mengine mtuachie sisi.

Mleta mada, umeuliza pia ufanye nini nyumbani katika miezi hii iliyobaki. Mtume dukani, ikiwa duka liko mahali unapoweza kumwona kwa macho na hakuna barabara ya kuvuka. Mwambie aende kwa mangi, yaani mwenye duka, amwamkie, aombe nusu kilo ya sukari na kiberiti, na arudi na chenji. Katika safari hiyo fupi amebeba maagizo kichwani, amezungumza na mtu mzima, amengoja zamu yake, na ameshika hesabu mkononi, na hayo yote ndiyo nitakayomdai darasani. Usimwandikie kwenye karatasi. Akisahau kiberiti, arudi mwenyewe.

Jioni simulianeni hadithi na mtegane vitendawili, na usiwe wewe tu unayetega. Huku Pwani watoto wakubwa huwafundisha wadogo zao kusema kinyume, maji yakawa jima na kuku akabaki kuku, nao wanacheka mpaka wanaishiwa pumzi. Wazazi wengine huwakataza kwa kuona ni upuuzi. Mimi humpokea kwa furaha mtoto anayejua kinyume, kwa sababu sikio lake limeshakata neno katika silabi kabla sijamwandikia hata moja ubaoni, naye nikimwambia kwamba neno limeundwa kwa vipande, ananielewa palepale.

Kuhusu mkono, usikimbilie kumjazia madaftari. Mtoto anayechambua mchele au maharage pamoja nawe, anayefinyanga udongo na kukata karatasi kwa mkasi, anaimarisha vidole vilevile vitakavyoshika penseli. Mpe penseli, si kalamu, na uangalie asiishike kwa ngumi kama mtwangio. Ikiwa ni wa mashoto, mwache na mashoto yake, na umweleze mwalimu mapema ili asikalishwe kwenye dawati mahali ambapo kiwiko chake kitagongana na cha mwenzake.

Lipo jambo jingine linaloniumiza. Mtoto akimwaga chai, anaambiwa, "Subiri uende shule, utachapwa na mwalimu mpaka ukome." Maneno haya anayasikia mwaka mzima, kisha Januari anavalishwa vizuri na kukabidhiwa kwa yuleyule aliyetishiwa naye. Wapo wanaofika wakitetemeka kabla sijafungua kinywa. Msimtumie mwalimu kama fimbo ya nyumbani. Na kama hofu yako mwenyewe ni viboko, kanuni za elimu zinampa mamlaka hayo mwalimu mkuu au yule aliyemteua kwa maandishi, si kila mwalimu anayepita, kwa hiyo una haki ya kwenda kuuliza ofisini kwa utulivu. Mtoto akijua kwamba mzazi na mwalimu wanazungumza, hukaa darasani kwa amani zaidi.

Sasa nirudi kwa baba na hoja yake ya kurudia awali, ambayo siidharau. Kuna watoto ambao kungoja huwafaa: aliyetaka kuingizwa darasa la kwanza akiwa na miaka 5 kwa sababu ni mrefu, aliyeugua sehemu kubwa ya mwaka wa awali, au ambaye matamshi yake hayaeleweki kabisa kwa watu wa nje. Mwanao hayumo humo. Kumrudisha awali kwa sababu hasomi ni kumrudisha mahali ambapo kusoma si lengo kuu, na atakaa akiwatazama rafiki zake wakipanda darasa bila kujua amekosa nini. Ila kabla ya Januari mfanyieni jambo moja ambalo wengi hulisahau: mpimeni macho na masikio. Mtoto anayetazama televisheni akiwa ameisogelea mpaka puani, au anayeuliza "eeh?" kila mara, au ambaye sikio lake hutoa usaha ukija msimu wa mafua, anaweza kuonekana mzito wa kuelewa kwa mwaka mzima kumbe hasikii anachofundishwa kutoka dawati la nyuma.

Hizo fedha za tuisheni ya Desemba zitumieni kwa viatu vinavyomwenea, sweta na madaftari, na likizo mwacheni acheze. Kwa wale wanaolenga shule za mchepuo wa Kiingereza zenye usaili wa kuingilia, ushauri wangu ni uleule: ulizeni usaili unapima nini kabla ya kumlipia mtu wa kumwandaa.

Uandikishaji kwa kawaida huanza miezi ya mwisho ya mwaka, kwa hiyo tafuteni cheti cha kuzaliwa sasa hivi. Mpango wa RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi, wa kuwasajili watoto wa chini ya miaka 5 bila malipo katika ofisi za kata na vituo vya tiba haumhusu tena mtoto aliyevuka umri huo. Kama bado hana cheti, njia yake ni ofisi ya wilaya na ada hulipwa, nanyi mwende na tangazo la kizazi au kadi ya kliniki. Siku ya kuandikisha mchukue mwenyewe. Omba aonyeshwe choo kilipo, bomba la maji lilipo na chumba cha darasa la kwanza, na muulize mwalimu watoto hutoka saa ngapi, maana darasa la kwanza huruhusiwa mapema kuliko wakubwa, na ukitegemea arudi na dada yake wa darasa la tano atangoja peke yake getini kwa muda mrefu. Hilo la nani atamchukua, na kwa njia gani, lipangeni wewe na baba yake kabla shule hazijafunguliwa, na mtoto aambiwe jina la mtu huyo. Ukishajua ni shule ipi, rudi hapa uniambie ina wanafunzi wangapi katika darasa la kwanza na kama wanagawa uji, nami nitakueleza la kumfungia kwenye begi.