Hiyo Fiat ya Raskazone, anza na sakafu
Ndugu yangu, umeuliza kama uichukue ile Fiat 124 Spider ya 1979 uliyoiona Raskazone, Tanga, rangi inang'aa na turubai la paa ni jipya. Rangi isikuteke. Adui wa gari hizi ni kutu, na hapo bahari iko jirani. Inua zulia la miguuni pa dereva, bonyeza bati kwa kidole gumba. Likibonyea au likitoa unga mwekundu, achana nayo kabisa. Mimi niliruka hatua hiyo, puti iliyoziba kutu kwenye sakafu ikaja kumeguka miguuni mwangu barabarani. Muulize pia mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, maana ukikatika vali za injini zinaweza kupinda. Usukani uko kushoto, kwa hiyo kupita malori njia ya Segera utahitaji macho ya abiria.