Majani ya maboga ya karanga: rojo zito bila nazi

Dada mleta mada, umeuliza kwa nini majani yako ya maboga yanatoka na madonge na mafuta yanaelea juu, na kama kuna namna ya kupata rojo zito bila nazi, maana hapa Mwanza nazi inasafiri kutoka pwani na bei yake unaijua. Nazi iache. Karanga zinatosha kabisa, na kwa majani ya maboga naona zinaishinda nazi. Nimekua nikila mboga hii na leo naipikia wanangu, kwa hiyo nakueleza ninavyofanya mwenyewe.

Umesema unakaanga karanga, unazitwanga, halafu unanyunyiza unga kwenye mboga inayochemka. Shida zote mbili zinaanzia hapo. Unga mkavu ukiangukia maji ya moto, bonge linapikika nje na kujifunga, ndani linabaki kavu, hata ukoroge vipi halifunguki. Na mafuta je? Karibu nusu ya karanga ni mafuta, robo hivi ni protini. Ikiwa mbichi, protini hiyo ndiyo inayoyashika mafuta na maji yakae pamoja. Ukizikaanga sana, mafuta yanaanza kutoka na protini inapungua nguvu ya kuyashika. Harufu ya karanga za kukaanga ni tamu, sikatai, lakini rojo lake hukatika upesi.

Kwa hiyo tumia karanga mbichi. Zichambue kwanza, moja moja, na hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu ya watoto: iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu itupe, kwa kuwa sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, haiondoki kwa kuchemshwa. Zilizobaki ziloweke kidogo kwenye maji ya moto, zifikiche maganda mekundu yatoke, zianike zikauke, ndipo uzitwange na kuchekecha. Chenga zinazobaki juu ya chekecheo zirudishe kwenye kinu. Ulaini wa rojo lote unapatikana hapa, usione uvivu.

Kikombe kimoja cha unga huo kinatosha mafungu mawili ya majani. Ukoroge kwanza kwa maji ya uvuguvugu kidogo kidogo, kama uji wa mtoto, mpaka usione donge, kisha ongeza maji yafike vikombe vitatu. Bandika peke yake, bila mboga. Tumia sufuria kubwa, maana karanga mbichi hufura na kumwagika sawasawa na maziwa; usiondoke jikoni mpaka povu lishuke. Baada ya hapo punguza moto, kwenye jiko la mkaa toa makaa kadhaa, na uache lichemke taratibu kama dakika ishirini ukikoroga chini kwa mwiko lisishike. Utajua limeiva harufu ya ubichi ikikata na mwiko ukitoka umevikwa rojo.

Wakati huo unamenya nyuzi za majani. Vunja ncha ya kikonyo, vuta nyuzi mpaka kwenye jani, na usiruke hata moja, kwa sababu nyuzi moja kooni inaharibu mboga nzima. Kata nyembamba, chemsha kwa maji machache mpaka yalainike, yachuje, ndipo uyatie kwenye rojo pamoja na kitunguu ulichokaanga kidogo. Dakika tano hadi kumi zinatosha. Chumvi mwishoni, rojo likishapungua, la sivyo itazidi. Magadi mimi siweki; majani machanga hayayahitaji.

Wengine waliokujibu wamekushauri uongeze maziwa na nyanya. Nyanya ina uchachu, na maziwa yakikutana nao kwenye moto mkali yanakatika. Ukitaka nyanya, ikaange na kitunguu mpaka iive kabisa, na maziwa yaache. Maziwa yana mboga yake, ambayo ni mgagani. Jirani zetu wa upande wa Rorya, mkoani Mara, huuchemsha, wanamwaga maji machungu, wanatia maziwa na kuuacha chunguni mpaka kesho yake, na uchungu unapungua sana. Hiyo nayo ni mboga ya heshima, ila ni habari nyingine.

Majani ya kunde makavu, ile nsansa yetu, yapike kwa rojo hilihili, ila yaloweke na kuyachemsha muda mrefu zaidi kabla ya kuyachanganya. Ugali wa muhogo na sato wa kukaanga ndiyo naona vinakaa nayo vizuri.

Rojo la jioni likibaki litaganda zito sana asubuhi. Ongeza maji ya moto kijiko kwa kijiko huku ukikoroga kwenye moto mdogo, litarudi laini.