Barua kwa mwanangu Akoth: gari la mchezo na ndugu zake

Mwanangu Akoth,

Salamu nyingi kutoka Tororo. Ujumbe wako wa Ijumaa nimeusoma mara mbili, mara ya kwanza nikicheka, mara ya pili nikiwa nimevaa miwani. Unasema umeweka akiba shilingi milioni 25. Toyota Spacio yako ya kwenda kazini ipo na inatosha, ila sasa unataka gari la pili, la kuchezea siku za mapumziko, lenye gia ya mkono, na moyo wako umegawanyika kwa Subaru Impreza WRX, Mazda MX-5, Toyota Altezza na Toyota Celica. Unaniuliza, "Mama, wewe ungechukua lipi, au nimeingiwa na wazimu?"

Wazimu umeurithi. Marehemu baba yako, mwaka ule ulipoanza chekechea, alirudi nyumbani na gari jekundu la milango miwili aliloachiwa kwa bei ya kutupa na mtu aliyekuwa anahama nchi. Lilikuwa la aina gani sikwambii, maana huenda wewe nawe ukalitamani. Wiki tatu tuliringa mji mzima. Wiki ya nne pampu ya usukani ikaanza kulia, kisha ikafa. Basi mimi, mke wake, muuza spea mwenye daftari la simu za wauzaji kuanzia Mombasa hadi soko la spea la Kisekka, Kampala, nikaisaka pampu ile miezi saba. Kama palikuwa na gari jingine Uganda lenye pampu kama ile, basi mwenyewe alikuwa anaitafuta kama sisi. Kuku wakapata pa kutagia. Yale mayai uliyokuwa ukiyaokota kwenye kiti cha nyuma, ndiyo gari lenyewe hilo.

Tangu hapo mtu akinitajia gari siulizi linakimbia kiasi gani. Nauliza ndugu zake ni akina nani. Gari la mchezo ambalo injini yake ni ile ile ya magari ya kukodi yanayozunguka Kampala usiku na mchana, hilo lina ukoo: likiugua Jumamosi, Jumatatu spea imepatikana, mpya au ya kutolewa kwenye gari lililokufa. Gari lisilo na ndugu ni kama mgeni anayeugua mji asiojulikana. Hata liwe zuri namna gani, utaliuguza peke yako.

Ila kabla ya ukoo, sheria. Tangu 2018 gari lililotimiza miaka 15 tangu litengenezwe haliruhusiwi kuingizwa Uganda. Altezza ya mwisho ilitoka kiwandani 2005, Celica ya mwisho 2006. Kwa hiyo usipoteze Jumamosi zako kuzunguka kwenye mabondi ya Nakawa, zile yadi za magari yaliyoagizwa kutoka nje, humo hazimo. WRX na MX-5 za miaka ya karibuni zinaruhusiwa kuingia, ila si kwa milioni 25, na ushuru bado. Wewe utanunua gari ambalo tayari lina namba ya Uganda, yaani limeshaonja mashimo yetu, matuta yetu na mafundi wetu. Unamchunguza mwenye gari kwanza, gari lenyewe baadaye.

Nianze na Subaru, maana najua marafiki zako wote wanakusukuma huko. WRX ya miaka ya 2000 hadi 2007, ile ya soko la Japani, ina injini ya lita 2 yenye turbo na nguvu za farasi kama 250. Ndugu inao, sikatai: Subaru Forester na Legacy zimejaa Kampala. Na kuna jambo moja linaloipendelea huku kwetu. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini ya kawaida hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Madereva wa malori wanaotoka Mombasa wananiambia hivyo kila siku bila kujua sababu yake. Turbo hewa yake inaisukuma yenyewe, hailii sana. Basi shida ya Subaru iko wapi? Iko kwa waliokuwa nayo kabla yako. WRX ya bei yako imeshapita mikononi mwa vijana wanne au watano, kila mmoja akiongeza presha ya turbo kidogo na kupunguza oili kidogo. Injini yake imelala, pistoni zinapigana ngumi kushoto na kulia, kubadilisha plagi tu fundi anachubuka vidole. Mkanda wa taimingi, ule unaopanga valvu na pistoni ziende pamoja, unatakiwa ubadilishwe kila kilomita 100,000, na ukikatika, valvu zinagonga pistoni. Ukimuuliza muuzaji ulibadilishwa lini, atatazama juu. Gari la mchezo la pili au la tatu maishani mwako, sawa. La kwanza, hapana.

MX-5 ndiyo iliyokushika, nimeona ulivyoiandika kwa maneno mengi kuliko zote tatu. Sikulaumu. Wajapani waliitoa 1989, kwao wakiiita Eunos Roadster, na hadi 2016 walikuwa wametengeneza milioni moja. Ni nyepesi, zile za mwanzo hazifiki hata tani moja, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, na mtu hahitaji kukimbia sana ili afurahi. Kama ungekuwa na gereji yenye mlango na kufuli ningekwambia itafute, hasa ile ya kuanzia 2005, kwa sababu injini yake ya lita 2 ina undugu na za Mazda Axela na Atenza, na hizo zipo. Lakini wewe umepanga Ntinda, na gari unaegesha chini ya mfenesi wa mwenye nyumba. MX-5 nyingi paa lake ni kitambaa. Fenesi moja tu, mwanangu. Na mwizi hahitaji hata fenesi, wembe unamtosha.

Altezza ni gari la heshima, milango minne, shangazi zako watakaa nyuma. Kuna aina mbili. RS200 ina injini ya silinda nne yenye farasi 210 ikiwa na gia ya mkono, ndugu zake ni wachache. AS200 ina silinda sita, injini ya 1G, farasi 160, na hiyo ni damu moja na Toyota Mark II, hivyo spea si ndoto. Ningeiweka ya pili. Kinachonizuia ni kwamba nyingi zilizobaki ama zina gia za kujiendesha, nawe hizo huzitaki, ama zimechezewa kwa kuzungushwa mkia kwenye viwanja vya vumbi mpaka bushi zote za nyuma zimekwisha. Tena ni msukumo wa nyuma: barabara ya Jinja ikilowa, na wewe ndiyo unajifunza, mkia utakutangulia.

Sasa Celica, nayo ndiyo jibu langu. Ile ya kuanzia 1999. Usichukue ile yenye farasi 190 ambayo vijana wanaisifia, injini yake imepewa magari machache sana, Toyota Fielder na Runx za toleo maalumu. Chukua ile ya kawaida, farasi kama 145. Ukifunua boneti utaona maandishi 1ZZ-FE. Nenda uegesho wowote wa magari ya kukodi, omba wafunue boneti za Toyota Wish, Premio ya 1.8 na RAV4 ndogo, zote za wakati ule. Utakutana na 1ZZ ile ile. Yako ya kazini nayo ikiwa ni ya 1.8 ya mwaka 2001 au baadaye, basi utakuwa na mtu na dada yake nyumba moja: fundi mmoja, chujio moja la oili, plagi za aina moja. Taimingi yake ni ya mnyororo, si mkanda.

Watakucheka kwamba inasukumwa na magurudumu ya mbele, si gari la mchezo halisi. Waache wacheke. Wewe unataka kona, unataka kushika gia kwa mkono wako na kusikia injini ikipanda, hayo yote yamo.

Ina kasoro mbili, nikikuficha nitakuwa nimekudanganya. Ya kwanza, 1ZZ za mwanzo, hasa za kabla ya 2002, hula oili. Matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni yalikuwa madogo, yakiziba kwa masizi oili inapanda na kuungua. Ya pili, ukoo wake ni wa injini tu. Bampa, taa za mbele, vioo vya milango, hivyo ni vya Celica peke yake. Ukivunja taa utaitafuta kama tulivyoitafuta pampu ya baba yako. Kwa hiyo heri uchukue yenye mwili ulionyooka na injini iliyochoka kidogo, kuliko injini nzima kwenye mwili uliogongwa ukafichwa kwa rangi.

Siku ya kwenda kuitazama nenda asubuhi, umwambie mapema mwenyewe asiiwashe. Shika boneti kwa kiganja. Ikiwa ya moto, mtu ameanza kukuficha kitu. Vuta kijiti cha oili kabla ya kuwasha, uone kiasi. Mtu asimame nyuma ya ekzosi wewe unapowasha. Moshi wa buluu ni oili inaungua. Moshi mweupe unaokataa kuisha injini ikishapata moto, mshukuru mwenyewe uondoke, hapo maji yanaingia pasipotakiwa. Ukishaiendesha dakika ishirini, shuka mlima bila kukanyaga mafuta, kisha kanyaga ghafla chini kabisa, utazame kwenye kioo. Celica inayokula oili itajitangaza hapo.

Klachi ipime hivi: tia gia ya nne ukiwa mwendo mdogo, kanyaga mafuta. Injini ikipiga kelele na gari likabaki pale pale, klachi imekwisha, toa gharama yake kwenye bei. Tairi zisome ubavuni, kuna namba nne za mwisho: 2318 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2018. Muuzaji atakwambia tairi ni mpya kwa sababu zinang'aa. Kiwi cha viatu kinang'arisha chochote. Piga jeki utazame chini, Celica imekaa chini na matuta yetu hayana huruma, sampo yake, lile bakuli la oili chini ya injini, huwa imepigwa mara nyingi. Halafu namba ya chesisi iliyogongwa kwenye bati uilinganishe na ya kwenye logibuku, ile kadi ya umiliki wa gari, herufi kwa herufi. Ikitofautiana hata moja, usibishane, panda boda uende zako.

Kuhusu pesa, usitumie milioni 25 zote. Gari likikugharimu 16 au 17, zilizobaki ni za mwaka wa kwanza: shokabu, bushi, maji ya breki, oili zote zimwagwe hata kama muuzaji anaapa kwa mama yake, na tairi nne. Mtu anayemaliza pesa zote kununua gari huwa anarudi kwangu kukopa spea. Ninao watatu kwenye daftari sasa hivi, mmoja ni binamu yako.

Mjomba wako ameshasema, maana alisoma ujumbe wako begani kwangu, kwamba gari la milango miwili si la barabara zetu. Nikamkumbusha kwamba aliyeshinda Safari Rally ya 1973 alikuwa na Datsun 240Z, milango miwili, na aliyeshika usukani alikuwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa hapa hapa Uganda. Akanyamaza kidogo, kisha akasema Mehta alikuwa na mafundi wanaomfuata na spea. Hapo kanishinda, ingawa ndiyo hoja yangu mwenyewe aliyoniibia. Akijaribu kuleta lile neno lake la pili, la mwanamke na gari, mwambie Susan Muwonge alitwaa ubingwa wa rali wa taifa 2011.

Usilijaribie barabara ya Jinja usiku pamoja na wale marafiki wa Subaru. Busiika kuna uwanja wa mashindano ya magari, siku za mashindano nenda kwanza kama mtazamaji, usimame karibu na mafundi, si karibu na muziki, uulize maswali ya kijinga. Mafundi wanapenda maswali ya kijinga.

Ukipata Celica inayokuvutia, usitoe hata shilingi ya kuishikia. Nipigie picha nne: sampo kutoka chini, kijiti cha oili juu ya karatasi nyeupe, bati la chesisi, na logibuku ukurasa wa jina. Zikinipendeza nafunga duka Ijumaa mchana, napanda basi, Jumamosi alfajiri tunakwenda pamoja. Mimi nitakuja na jeki na tochi. Wewe mwambie mwenye gari tu kwamba unakuja na mama yako, usimwambie mama yako anauza nini.

Mama yako