Jibu kwa aliyeuliza: nyonga yenye kikombe kifupi, upasuaji wa matundu urudiwe au la?

Mkuu, nimesoma maelezo yako yote. Dada yako ana miaka 29, pembe ya nyonga ni nyuzi 22, alifanyiwa upasuaji wa matundu (wa kamera kupitia vitundu vidogo) India miezi 14 iliyopita, maumivu ya kinena yamerudi na ameambiwa arudie. Jibu fupi: wengi wanaorudia hupata nafuu, lakini wanaanza chini na kuishia chini kuliko waliofanyiwa mara ya kwanza, na wanaokuja kubadilishiwa nyonga baadaye ni wengi zaidi. Kwa nyonga kama yake, ambayo kikombe (shimo la fupanyonga linaloshika kichwa cha mfupa wa paja) hakikifuniki vya kutosha, kurudia kabla ya kujua kwa nini ile ya kwanza ilifeli ni kuchoma hela.

Hiyo 22 kwanza. Ni pembe ya Wiberg, iliyoelezwa Sweden mwaka 1939. Unachora mstari wa wima kupitia katikati ya kichwa cha mfupa wa paja, kisha mwingine kutoka hapo hadi ukingo wa nje wa kikombe. Kuanzia 25 ni kawaida, chini ya 20 kikombe ni kifupi bila ubishi, na hapo katikati ndipo madaktari wanapovutana (wengine wanahesabu kuanzia 18). Msiiamini namba moja. Eksirei ikipigwa fupanyonga likiwa limeinama mbele au limezunguka kidogo, pembe inabadilika, na wasomaji wawili wa picha ileile hupishana nyuzi kadhaa. Dai picha ya mbele ya fupanyonga nzima akiwa amesimama, ncha ya kifandugu ikiwa katikati, juu ya kiungio cha kinena kwa sentimita 1 hadi 3. Waombe pia mteremko wa paa, yaani sehemu ya juu ya kikombe; unapimwa kwa pembe ya Tönnis. Ikizidi nyuzi 10, ile 22 ni mbaya kuliko inavyoonekana. Mwenye 22 na paa lililolala vizuri na mwenye 22 na paa la mteremko si wagonjwa sawa kabisa.

Kwa nini hili ni kubwa? Paa likiwa fupi, kichwa cha paja kinataka kuchomoka kuelekea mbele na nje. Kinachokizuia ni labramu, ule mkanda wa gegedu kwenye mdomo wa kikombe, pamoja na mfuko wa kiungo (utando mgumu unaokizunguka) kwa mbele. Vitu hivyo viwili vinabeba kazi ya mfupa. Na upasuaji wa matundu hupitia hapohapo: mfuko lazima ukatwe ili kamera na vyombo vipite.

Kwa hiyo kabla ya kukata tiketi, tafuteni ripoti ya upasuaji wa kwanza. Si ile karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitali, ni ripoti ya chumba cha upasuaji, na video kama ipo. Mambo ya kusaka: labramu ilishonwa au ilipunguzwa tu? Mfuko ulifungwa kwa nyuzi au uliachwa wazi? Ukingo wa kikombe ulinyolewa? Kwenye kikombe kifupi, kila milimita inayonyolewa pale ni paa linaloondoka. Kano ya msuli wa psoasi ilikatwa? Msuli huo unapita mbele ya nyonga na kusaidia kuizuia, ukikatwa kwa mtu wa namna hii nyonga inaweza kulegea. Na nundu ya mfupa kwenye shingo ya paja, kama ilikuwepo, iliondolewa yote? Nundu iliyobaki ndiyo sababu inayotajwa sana duniani ya kurudia upasuaji huu, ikifuatiwa na makovu yanayonatisha labramu kwenye mfuko, na labramu isiyopona.

Hapo ndipo matokeo yanapotengana. Kama kilichobaki ni nundu, makovu, au mfuko ulioachwa wazi, na paa si la mteremko, kurudia kuna mantiki: nundu inamaliziwa, makovu yanaachanishwa, labramu inashonwa au inajengwa upya kwa kipande cha kano, na mfuko unafungwa. Kama tatizo ni paa lenyewe, kamera hairefushi mfupa. Mgonjwa atapata miezi kadhaa ya unafuu, kisha labramu iliyoshonwa itabebeshwa mzigo uleule. Hapo anahitaji maoni ya mpasuaji anayekata na kugeuza kikombe, upasuaji ulioanza Bern, Uswisi, mwaka 1984 chini ya Reinhold Ganz. Ni kazi kubwa: mfupa unakatwa kuzunguka kikombe, unageuzwa, unafungwa kwa skrubu, kisha magongo kwa wiki 6 hadi 8 au zaidi. Lakini unatibu chanzo, ilimradi gegedu bado ni nzima.

Gegedu ndiyo hakimu wa yote mawili. Nafasi ya kiungo ikiwa chini ya milimita 2 kwenye eksirei, upasuaji wa matundu hufanya vibaya, uwe wa kwanza au wa pili.

Vipimo ambavyo ningevidai: CT ya kupima msokoto wa mfupa wa paja (kawaida ni nyuzi 15 hivi, ukizidi sana nyonga inasukumwa mbele), na kipimo cha ulegevu wa viungo cha Beighton, ambacho ni cha bure: kidole gumba kugusa kigasha, viganja kugusa sakafu na kadhalika, jumla pointi 9. Mwenye 5 na zaidi ana tishu laini zisizotegemeka. Kisha sindano ya ganzi ndani ya kiungo kwa kuongozwa na ultrasaundi. Maumivu yakiondoka kwa saa chache, yanatoka ndani. Yasipoguswa, chunguzeni mgongo na misuli kabla ya kisu. Na kwa sisi huku, msisahau selimundu: kichwa cha paja kikianza kufa kwa kukosa damu, kinauma kinena vilevile. MRI inaonyesha mapema kuliko eksirei. MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, Dar es Salaam, ni mahali pazuri pa kupata maoni ya pili ya mifupa kabla ya kusafiri.

Wakiwapa alama za Harris iliyorekebishwa (kipimo cha maumivu na utendaji wa nyonga), mjue zinavyohesabiwa: maumivu 44, utendaji 47, jumla 91, kisha zinazidishwa kwa 1.1 kufika 100. Kutoka 55 hadi 68 ni nafuu ya kweli, ila bado ni mtu anayechechemea siku akizunguka Kariakoo. Muulizeni daktari wagonjwa wake wa kurudia wanaishia ngapi, si wamepanda kwa ngapi.

Akirudia, hatari kubwa iko nyumbani. Wiki za mwanzo mguu usivutwe nyuma wala kugeuzwa nje, maana ndivyo mfuko ulioshonwa unavyoachia. Bodaboda hapana kabisa, kupanua miguu pale kunavuta mfuko uleule. Kigoda, mkeka na choo cha kuchuchumaa vinakunja nyonga kupita nyuzi 90, basi anunue kiti cha choo cha kuweka juu, na sala aswalie kwenye kiti. Daladala ya kusimama ni mbaya kwa sababu mwili unazunguka mguu ukiwa umekita. Mguu ukanyage kwa kilo 10 hivi tu. Kilo hizo ajifunze kwa mzani wa bafuni, watu wengi wanadhani wanagusa kumbe wanaweka 30. Asinyanyue mguu ulionyooka akiwa amelala chali, zoezi linalopendwa sana mtaani. Linauchosha psoasi na kuuma kinena, halafu mtu anadhani nyuzi zimekatika. Baiskeli ya kukaa bila uzito inafaa mapema, kiti kikiwa juu.

Ganzi ya sehemu za siri au ya paja kwa nje baada ya upasuaji hutokana na mguu kuvutwa kwenye meza na matundu kupita karibu na neva, na mara nyingi huisha ndani ya wiki au miezi kadhaa. Homa, usaha au ndama iliyovimba na kuuma, hasa baada ya ndege ndefu, ni hospitali siku hiyohiyo.